Gitaa lililoikataa Dodoma: uchambuzi wa besi moja iliyoundwa kutoka kwenye seti

Mwanzoni mwa Septemba alifika nyumbani kwangu, Area D, mtumishi mmoja wa umma aliyehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam miezi mitatu kabla. Alibeba gitaa la besi lililofungwa kwenye shuka, akaliweka mezani kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, kisha akasema: "Shikamoo, Mwalimu. Gitaa langu limeikataa Dodoma." Gitaa hilo alikuwa ameliunda kwa mikono yake, kutoka kwenye seti ya kujiundia, wakati wa masika, huko Dar es Salaam. Kwa miezi miwili alilipigia kwaya bila tatizo lolote. Sasa alikuwa na malalamiko matatu: nyuzi zilikuwa zinagonga freti, yaani vyuma vyembamba vilivyokingama kwenye shingo, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, ncha za freti zilikuwa zinamkwaruza kiganja mpaka anatoka damu, na spika ya kanisani ilikuwa ikivuma kila alipochomeka waya.

Naeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimekwisha kuona wapenzi wa muziki hapa mjini wakiziacha seti zao darini kwa kuamini kwamba wameuziwa takataka. Katika gitaa hili, hitilafu ya awali ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ndogo. Nyingine zilitokana na mikono ya mwenye gitaa, ambaye kwa nia njema alikuwa akirekebisha kila sehemu isipokuwa ile iliyobadilika.

Kwanza ni vyema kueleza kilichomo ndani ya boksi. Seti ya besi huwa na mwili wa mbao uliokwisha kukatwa na kutobolewa, shingo yenye freti zilizokwisha kupigwa, briji ambayo hushikilia nyuzi upande wa mwili, vikazio vinne vya nyuzi, pikapu inayonasa mtetemo wa nyuzi, vitasa vya sauti, tundu la waya, skrubu na nyuzi. Kazi inayobaki kwa muundaji ni kupiga msasa, kupaka sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao) na vanishi, kufunga skrubu na kuchomelea nyaya chache kwa risasi. Urahisi huo una historia yake. Mwaka 1951 Leo Fender wa Fullerton, California, alitoa besi ya umeme iliyoitwa Precision, ambayo shingo yake haikugandishwa kwa gundi bali ilifungwa kwenye mwili kwa skrubu nne. Jina lenyewe lilitokana na freti: mpiga besi kubwa ya kusimama hutafuta noti kwa sikio na uzoefu, lakini kwenye besi yenye freti, noti hukaa mahali pamoja. Seti nyingi zinazouzwa leo hufuata mpango huohuo, pamoja na urefu uleule wa uzi kutoka kizingiti cha juu, kile kipande kidogo chenye mifereji ya nyuzi kwenye kichwa cha shingo, hadi briji, yaani inchi 34, au milimita 863.6.

Kwa kuwa kiwanda kimekwisha kukata na kuchonga, muundaji huamini kwamba mbao nayo imekwisha kazi yake, na hapo ndipo kosa la kwanza huingia. Mbao iliyochongwa bado inapumua. Hunyonya unyevu hewa inapokuwa na maji na kuutoa hewa inapokauka, mpaka ilingane na mahali ilipo. Mbao iliyokaa kwenye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 75 hutulia ikiwa na maji ya takriban asilimia 14 ya uzito wake mkavu, na ikihamishiwa kwenye hewa ya asilimia 50 hushuka taratibu hadi karibu 9. Dar es Salaam iko baharini na ina masika na vuli. Dodoma iko mita zipatazo 1,120 juu ya usawa wa bahari, ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua yenyewe kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo mkavu hauachi kuvuma. Seremala yeyote wa hapa mjini anaijua habari hii bila kipimo chochote: mlango uliokuwa unabana kwenye fremu mwezi Februari, ifikapo Septemba unapitisha mwanga pembeni.

Shingo ya gitaa nayo ni kama mlango huo, ila imepigiliwa vyuma ishirini. Mbao hupungua sana kwa upana na kidogo mno kwa urefu, lakini chuma cha freti hakipungui kwa sababu ya ukavu. Shingo ya besi hii ilikuwa ya mepo, mti wa nchi za baridi, na ubao wa freti ulikuwa wa rozwudi, mti wa jenasi moja na mpingo wetu. Upande wa mwisho ilikuwa na upana wa milimita 62. Shingo ya upana huo, maji yake yakishuka kutoka asilimia 14 hadi 9, inaweza kupungua kati ya nusu milimita na milimita moja, kutegemea jinsi ubao ulivyopasuliwa kutoka kwenye gogo. Freti zinabaki na urefu uleule. Ndiyo maana ncha zake huchomoza pande zote mbili, na mpigaji anayetelezesha mkono hukatwa kana kwamba anapitisha kiganja kwenye meno ya msumeno.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilichukua pamba na kuipitisha taratibu kwenye ukingo wa shingo kuanzia kizingitini kwenda chini. Ilipofika kwenye freti ya pili ikaacha unyuzi, kwenye ya tatu ikaacha mwingine, na nilipomaliza ukingo wote ulikuwa na ndevu nyeupe, moja kwa kila freti, pande zote mbili. Mwenye gitaa alitazama bila kusema neno. Nilipopima ncha zilizochomoza zaidi nilipata kama milimita 0.3 kila upande. Jambo hili ni muhimu katika uchunguzi: freti moja ikichomoza, huenda haikukaa vizuri tangu kiwandani, lakini zikichomoza zote kwa kipimo kinachokaribiana, kilichobadilika ni mbao.

Baada ya hapo nikapima mpindo wa shingo. Shingo ya besi haitakiwi kunyooka kabisa kama rula. Inatakiwa iwe na bonde dogo katikati, ili uzi unapotetemeka upate nafasi, kwa kuwa mtetemo wake huwa mpana zaidi katikati kuliko kwenye ncha. Kuupima ni rahisi. Unabana uzi wa E, ulio mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, na uzi wenyewe unakuwa rula. Kisha unaangalia nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Kwa besi ya nyuzi nne, nafasi ya milimita 0.25 hadi 0.35 ni nzuri kwa wapigaji wengi. Kipimo nilichotumia ni fila geji, yaani ndimi nyembamba za chuma za kupimia nafasi, niliyoazima kwa fundi pikipiki wa jirani, ileile anayorekebishia tapeti. Hata ulimi wa milimita 0.05 ulikataa kupita. Uzi ulikuwa umelala juu ya freti kuanzia ya sita hadi ya tisa, na nilipolegeza nyuzi na kuweka rula ya chuma juu ya freti, ikacheza huku na huku kama ubao uliowekwa juu ya jiwe. Maana yake ni kwamba shingo ilikuwa imepindia nyuma, na pale palipotakiwa kuwa na bonde palikuwa na kilima.

Nilimwomba mwenye gitaa anieleze, mwezi kwa mwezi, kila alichokifanya tangu alipofika Dodoma. Ilinibidi nimhakikishie kwamba siulizi ili kumlaumu, kwa sababu watu huficha walichokifanya, na wakificha, fundi hupoteza siku nzima kutafuta ugonjwa ulioko kwenye maelezo. Alisema kwamba mwezi Julai nyuzi zilianza kugonga freti za juu, karibu na kizingiti. Akainua vikalio, vile vipande vidogo vya briji ambavyo nyuzi hukaa juu yake. Mgongano ulipungua kidogo, lakini haukuisha. Mwezi Agosti alisikia kwamba ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayorekebisha mgongano wa nyuzi, akachukua spana ya pembe sita na kuikaza nusu mzunguko. Hali ikawa mbaya zaidi. Akainua vikalio tena, mpaka uzi wa E ukawa milimita 4.5 juu ya freti ya kumi na mbili. Vidole vikaanza kuuma, hasa karibu na kizingiti, naye akachukua tupa ndogo na kuzamisha mifereji ya kizingiti ili kuzishusha nyuzi upande huo.

Fimbo ya shingo inafaa kuelezwa kwa makini, kwa sababu nimeona ndiyo inayowapoteza wengi. Nyuzi nne za besi za unene wa kawaida, zikikazwa kwenye sauti zake, huvuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 80, ambayo ni zaidi ya mfuko mmoja na nusu wa saruji. Nguvu hiyo huipinda shingo kwenda mbele, upande wa nyuzi. Fimbo iliyoko ndani imewekwa ili kupingana nayo: ukiikaza, inairudisha shingo nyuma, na ukiilegeza, unaziachia nyuzi zivute. Kwa hiyo kukaza fimbo kunapunguza bonde. Anayeikaza kwa kufikiri kwamba kukaza siku zote ni kuimarisha, huku shingo yake imekwisha kunyooka kupita kiasi, anaongeza ugonjwa uleule anaoutibu. Shingo nyingi za mepo hunyooka zaidi hewa inapokauka, na hii ilikuwa mojawapo. Ukavu uliondoa bonde, na spana ikajenga kilima.

Nadhani sasa msomaji anaona mnyororo wenyewe. Mwezi Julai kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika, nacho ni shingo. Kuinua vikalio kulikuwa dawa ya urefu wa nyuzi, wakati urefu wa nyuzi haukuwa na kosa. Kuzamisha mifereji ya kizingiti kulikuwa dawa ya ugumu uliosababishwa na kuinua vikalio. Gitaa liliponifikia lilikuwa na shingo iliyopindia nyuma, vikalio vilivyopanda mno na kizingiti kilicholiwa na tupa, na sehemu hizo tatu zilikuwa zikifichana. Kama ningeanza kushusha vikalio, mgongano ungerudi na ningeshuku freti. Kama ningeanza kusawazisha freti kwa tupa, ningekula chuma kizima kwa ajili ya mpindo ambao spana ingeweza kuuondoa bila kumwaga hata vumbi.

Kwa hiyo nilirudi ulikotoka ugonjwa. Nililegeza nyuzi kiasi, nikaizungusha fimbo robo mzunguko kinyume cha saa, nikazikaza nyuzi upya na kuliacha gitaa likining'inia ukutani, mbali na dirisha, hadi kesho yake jioni. Mbao haitii amri papo hapo. Siku ya pili nilipata milimita 0.1, nikaongeza robo. Siku ya tatu nilipata 0.2, nikalegeza kidogo tena, na siku ya nne ulimi wa 0.30 ukapita kwa kusugua kidogo. Mgongano kwenye freti ya kwanza hadi ya tano ulikuwa umekwisha kabisa, na nilikuwa bado sijagusa kitu kingine chochote.

Uliobaki ni mgongano wa nyuzi za E na A zikipigwa wazi, bila kubanwa na kidole. Huo ulikuwa wa kizingiti. Ukibana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, panatakiwa pabaki nafasi nyembamba kama unywele juu ya freti ya kwanza. Hapa haikuwapo, uzi ulikuwa umegusa chuma. Kizingiti cha plastiki kikizamishwa mno kinaweza kujazwa, lakini mimi nilipendelea kutengeneza kipya. Dodoma ni nchi ya ng'ombe, na mfupa mnene wa paja haukosekani buchani. Niliuchemsha, nikautoa uboho na mafuta, nikauanika mpaka ukawa mweupe na mkavu, kisha nikakata kipande na kukilainisha kwa msasa namba 240 na baadaye 400. Mifereji niliichonga kidogo kidogo, nikipima baada ya kila mikwaruzo michache ya tupa, kwa sababu ni rahisi kuondoa mfupa na haiwezekani kuurudisha. Baada ya kizingiti ndipo nikashusha vikalio, uzi wa E ukawa milimita 2.5 juu ya freti ya kumi na mbili na uzi wa G, ulio mwembamba kuliko wote, milimita 2.

Usahihi wa noti ulifuata, nao haukuchukua muda. Freti ya kumi na mbili ndiyo nusu ya urefu wa uzi, hivyo noti inayobanwa hapo inatakiwa ilingane na ile inayotolewa kwa kuugusa uzi tu juu ya freti hiyo bila kuukandamiza. Noti ya E ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa. Nikasogeza kikalio chake nyuma, mbali na shingo, mpaka zikalingana.

Mvumo wa spika ulikuwa kesi nyingine kabisa, na ninaueleza hapa kwa sababu mwenye gitaa aliuchanganya na zile za mbao. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya G inayobanwa kwenye freti ya tatu ya uzi wa E ina mitetemo 49 kwa sekunde, ambayo inakaribiana sana na mvumo wa umeme, na hivyo mpiga besi husumbuliwa na mvumo kuliko mpiga solo. Nilimwomba ashike nyuzi huku spika imewashwa. Mvumo haukupungua. Akashika chuma cha tundu la waya, ukapungua mara moja. Jibu lilikuwa limepatikana: nyuzi na briji hazikuwa zimeunganishwa na upande wa ethi wa nyaya za ndani.

Niliifungua briji nikitarajia kukuta waya umesahauliwa. Waya ulikuwapo. Alikuwa ameupitisha kwenye tundu lake na kuukunja juu ya mbao kama inavyotakiwa, lakini aliupitisha kabla ya kupuliza vanishi. Ncha ile ya shaba ilikuwa imevishwa ganda la vanishi, safi na la kung'aa, mithili ya mdudu aliyenaswa kwenye utomvu. Mita haikuonyesha muunganiko wowote. Nilikwangua ganda kwa kisu mpaka shaba ikawa nyekundu, nikasafisha pia chini ya briji, nikafunga skrubu, na mita ikalia. Kazi hiyo haikuzidi dakika kumi, ilhali mwenye gitaa alikuwa amekwisha kupanga kununua pikapu mpya.

Ncha za freti niliziacha za mwisho kwa makusudi, na hapa tulibishana. Yeye alitaka nianze nazo kwa sababu ndizo zilizokuwa zinamuumiza. Nilimwambia, "Mdogo wangu, tukizipiga tupa leo na mbao bado inaendelea kukauka, mwezi ujao zitachomoza tena." Kipimaunyevu changu cha chumbani kilikuwa kikishuka wiki hadi wiki. Tulisubiri mpaka katikati ya Oktoba, wakati Dodoma iko kwenye ukavu wake wa mwisho kabla ya mvua. Wakati huo shingo inakuwa nyembamba kuliko wakati wowote wa mwaka, na freti itakayosawazishwa na ukingo wake wakati huo haitapata sababu ya kuchomoza tena, kwa kuwa mbao ikibadilika itaweza kupanuka tu. Anayezipiga tupa Machi atarudia kazi Septemba. Nilibandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi juu ya ubao, nikapitisha tupa bapa yenye meno madogo kwa urefu wa ukingo wote, kwanza ikiwa wima, kisha ikiwa imelala kidogo, na kila ncha nikaimalizia kwa msasa namba 600 hadi pamba ikapita bila kuacha unyuzi. Mgongo wa shingo, ambao aliuacha mtupu kwa sababu alipenda mguso wake, niliupaka sila tabaka mbili nyembamba. Sila haizuii unyevu kabisa, ila inaupunguzia kasi, na shingo inayobadilika polepole humpa mwenyewe nafasi ya kuirekebisha.

Aliniuliza kama angeweza kuyaepuka yote haya. Mengi yake, ndiyo. Seti ikifika Dodoma, ifunguliwe, shingo na mwili vitolewe kwenye plastiki na kuning'inizwa kwenye chumba atakamopigia kwa mwezi mmoja, bila kupaka chochote. Wakati huo mtu anaweza kupiga msasa mwili na kufanya mazoezi ya kuchomelea kwenye vipande vya nyaya za redio mbovu. Vanishi ipakwe baada ya hapo, na mfuko wa shingo uliochongwa kwenye mwili uzibwe kwa karatasi ili usijae vanishi na kuinyanyua shingo. Najua mwezi ni mrefu kwa mtu ambaye boksi lake limefika jana. Mimi mwenyewe seti yangu ya kwanza niliifunga siku tatu baada ya kuipokea, na shingo ile niliibadilisha.

Mwezi Februari, mvua zikiwa zimechanganya, alinipigia simu kusema kwamba nyuzi zimepanda kidogo. Nilimwambia asiguse vikalio, apime kwanza bonde. Alikuwa amejinunulia fila geji yake, akapata 0.40. Akaikaza fimbo kwa moja ya nane ya mzunguko, akalala nayo, na asubuhi akapata 0.32. Spana ya pembe sita ameibandika kwa utepe ndani ya begi la gitaa, pamoja na karatasi ndogo yenye tarehe na vipimo, na nafasi ya kuandika kile cha Septemba.